Sikukuu za Baridi Kanada Ambazo Mgeni Haambiwi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Familia Iliyofika Karibuni

Kila theluji ya kwanza ikianguka, maswali yanayonijia kutoka kwa ndugu waliohamia Kanada karibuni ni yaleyale. "Jumatatu shule imefungwa, mbona kazini naitwa?" "Mdogo wangu yuko Montreal hapumziki, mimi niko Toronto napumzika. Kwani nchi si moja?" "Hiyo sherehe ya barafu kiingilio ni kiasi gani?" "Mtoto avae nini?" Halafu linakuja lile zito kuliko yote: "Huku watu wanafanya nini kati ya Krismasi na Pasaka?"

Wanafanya mengi. Krismasi, Mwaka Mpya na Siku ya Kanada ya tarehe 1 Julai hazihitaji mwongozo. Hapa nazungumzia zile siku nyingine za majira ya baridi: za kisheria ambazo zinabadilika ukivuka mpaka wa jimbo, za heshima ambazo hazina mapumziko, na sherehe za theluji ambazo wenyeji wanazingoja mwaka mzima. Familia ikizijua mapema, baridi inakuwa na tarehe za kungojea. Nimeziona familia zilizojifungia ndani kuanzia Novemba hadi Aprili, na nimeziona zilizotoka. Naandika ili yako iwe kati ya zilizotoka.

Kuwa na hivi kabla hujaanza

Kalenda ya jimbo lako. Ya Kanada kwa jumla haitoshi. Ichukue kwenye tovuti ya serikali ya jimbo, kisha iweke pamoja na kalenda ya shule ya watoto, kwa sababu shule ina siku zake za ziada.

Hati zako za mshahara za wiki nne zilizopita. Utazihitaji katika hatua ya pili.

Kadi ya maktaba ya umma. Ni bure kwa wakazi, na maktaba ndiyo inayojua nini kinafanyika mtaani kwako. Baadhi huazimisha tiketi za makumbusho, na chache huazimisha hata viatu vya kutembelea kwenye theluji.

Programu ya hali ya hewa kwenye simu, inayoonyesha nyuzi joto pamoja na makali ya baridi ukijumlisha upepo. Namba hiyo ya pili ndiyo itakayoamua kama mtatoka.

Nguo za baridi za kila mtu nyumbani, na fedha kidogo za nauli na kitafunwa. Sherehe nyingi ninazozitaja zina sehemu za bure.

Hatua ya 1: Jua sheria ipi inakuhusu

Hapa ndipo karibu kila mgeni anapopotea, kwa hiyo soma polepole. Kanada ina majimbo 10 na maeneo 3 ya kaskazini, na kila moja lina orodha yake ya sikukuu za kisheria. Juu yake kuna orodha ya serikali kuu, inayowahusu watu wanaofanya kazi katika sekta zilizo chini yake: benki, mashirika ya ndege, kampuni za simu, na malori au mabasi yanayovuka mipaka ya majimbo. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mwajiri wako anafuata sheria ya jimbo au ya serikali kuu?

Chukua Jumatatu ya tatu ya Februari. Alberta walianza kuipumzika mwaka 1990 wakaiita Siku ya Familia. Saskatchewan wakafuata 2007, Ontario 2008, British Columbia 2013 (ingawa wao walianza na Jumatatu ya pili, wakahamia ya tatu 2019), New Brunswick 2018. Manitoba siku hiyohiyo ni Siku ya Louis Riel, tangu 2008. Nova Scotia ni Siku ya Urithi, na Prince Edward Island ni Siku ya Wanakisiwa. Quebec hakuna kitu, watu wanakwenda kazini kama kawaida, na Newfoundland na Labrador vilevile. Yukon wana Siku ya Urithi yao, inayoangukia Ijumaa kabla ya Jumapili ya mwisho ya Februari.

Sasa chukua ndugu wawili wanaoishi nyumba moja Ontario. Mmoja yuko kiwandani, anafuata jimbo: Siku ya Familia anapumzika. Mwingine anaendesha lori la kwenda Manitoba na kurudi, anafuata serikali kuu: Siku ya Familia kwake ni Jumatatu tu. Lakini huyo wa lori ana mapumziko ya tarehe 30 Septemba na 11 Novemba, ambayo wa kiwandani hana. Hakuna aliyedhulumiwa hapo.

Tarehe 26 Desemba nayo inachanganya. Ontario na kwa wafanyakazi wa serikali kuu ni sikukuu ya kisheria. Quebec na British Columbia si ya kisheria, ingawa ofisi nyingi hufungwa na maduka hujaa watu wanaotafuta bei za punguzo.

Kosa la kawaida: kumuuliza rafiki wa jimbo jingine kama kesho kuna kazi. Muulize msimamizi wako, na mwulize kabla ya wiki yenyewe.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya malipo yako mapema

Sikukuu ya kisheria maana yake ni kupumzika huku unalipwa, hata kama kazi yako ni ya muda mfupi. Nitatumia Ontario kama mfano kwa sababu Waswahili wengi wako huko. Kwingine kanuni zinatofautiana, ingawa Quebec nao hugawanya mshahara wa wiki nne kwa 20.

Fanya hivi:

a) Jumlisha mshahara wako wa kawaida wa wiki nne za kazi zilizotangulia wiki yenye sikukuu. Ovataimu usiihesabu. Kama kuna malipo ya likizo yaliyostahili kulipwa ndani ya wiki hizo, yaongeze.

b) Gawanya kwa 20. Jibu ndilo malipo yako ya sikukuu.

Mtu anayelipwa dola 18 kwa saa na kufanya saa 40 kwa wiki amepata dola 2,880 katika wiki nne. Ukigawanya kwa 20 ni dola 144. Anayefanya saa 20 kwa wiki kwa kiwango hicho atapata dola 72.

c) Ukiitwa kazini siku yenyewe, kuna njia mbili. Ya kwanza, unalipwa malipo ya sikukuu pamoja na mara moja na nusu ya kiwango chako kwa kila saa uliyofanya. Ya pili, unalipwa kiwango cha kawaida na kupewa siku nyingine ya kupumzika yenye malipo. Hospitali, nyumba za wazee, hoteli na migahawa wanaweza kukuita ikiwa sikukuu imeangukia siku yako ya kazi, kwa hiyo dada zangu mnaolea wazee, jueni hesabu hii kwa kichwa.

Onyo kubwa: usikose shifti yako ya mwisho kabla ya sikukuu wala ya kwanza baada yake bila sababu ya msingi. Ukikosa, unapoteza malipo ya sikukuu. Watu huunganisha Jumanne na Jumatatu ya Siku ya Familia ili wamtembelee ndugu mji mwingine, kisha wanashangaa hati ya mshahara. Ugonjwa ni sababu ya msingi. Toa taarifa na uhifadhi ushahidi.

Hatua ya 3: Vaa kwa tabaka

Nguo nene moja haisaidii kama nguo tatu za wastani zilizopangwa vizuri.

Ya ndani kabisa iguse ngozi na iwe ya sufu au ya nyuzi za polyester. Pamba inashika jasho, na jasho likipoa utatetemeka hata ndani ya koti la bei mbaya. Ya katikati iwe ya kushika joto, kama sweta zito. Ya nje izuie upepo na unyevu. Kichwani kofia inayofunika masikio. Mikononi, mitteni zinazoweka vidole vinne pamoja zina joto kuliko glavu. Miguuni, buti zenye nafasi ya kuchezesha vidole: wengi huvaa soksi jozi mbili ndani ya buti iliyobana, damu haizunguki, na vidole vinakufa ganzi haraka kuliko vya mwenye soksi moja.

Nunua mitumba. Maduka ya mitumba Kanada yana makoti na buti za watoto zilizovaliwa msimu mmoja tu, kwa sababu watoto wa huku nao wanakua. Nenda Septemba au Oktoba, kabla wengine hawajazinduka. Mashirika yanayopokea wahamiaji mara nyingi hugawa makoti vuli ikianza, kwa hiyo uliza bila aibu.

Kwa watoto, badala ya skafu ndefu tumia kitambaa cha mviringo cha kufunika shingo. Ncha za skafu hunasa kwenye sleji (ubao wa kutelezea kwenye theluji) na ngazi za michezo. Mama anayevaa hijabu aivae chini ya kofia na kuingiza ncha zote ndani ya koti. Na kwenye gari, usimfunge mtoto mkanda wa kiti juu ya koti nene: mkanda unaonekana umekaza kumbe umelegea. Mfunge kwanza, kisha mfunike kwa koti au blanketi.

Baridi ukijumlisha upepo ikifika −28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikifika −40, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Vitabu husema utazame weupe kwenye pua, masikio na vidole. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo hauonekani haraka. Ngozi inaweza kuonekana kama majivu au nta. Kwa hiyo usitegemee macho. Muulize mtoto kila baada ya muda kama anazisikia ncha za vidole vyake. Akisema hazisikii, ingieni ndani papo hapo, zipashe joto kwa kwapa lako au maji ya uvuguvugu. Usisugue, na usipake theluji.

Hatua ya 4: Anza na siku za karibu, Novemba hadi Januari

*Tarehe 11 Novemba, Siku ya Ukumbusho wa wapiganaji.* Kuanzia Ijumaa ya mwisho ya Oktoba utaona watu wamebandika ua jekundu la karatasi au plastiki kwenye koti. Hutolewa kwa mchango wowote, na huvaliwa upande wa kushoto, karibu na moyo. Saa tano kamili asubuhi, yaani 11:00, watu husimama kimya kwa dakika mbili. Ukiwa dukani au shuleni, simama nao. Ontario na Quebec kazi zinaendelea siku hiyo. Alberta na British Columbia ni mapumziko. Neno kwa waliokimbia vita: kwenye mnara wa kumbukumbu wa Ottawa hupigwa mizinga 21 na ndege za kijeshi hupita juu. Kama kuna mtu nyumbani ambaye mlipuko unamrudisha Kivu au Bujumbura, mwambie mapema, au tazameni kwenye televisheni.

*Tarehe 25 Novemba, Siku ya Mtakatifu Katerina, Quebec.* Watu hupika peremende ya kuvuta. Desturi hiyo huhusishwa na Marguerite Bourgeoys, mtawa mwalimu wa Montreal wa karne ya 17. Watoto wako wakija na vidole vinavyonata, umejua sababu.

*Siku 12 za Krismasi, Newfoundland.* Hapa nakaa kidogo, kwa sababu wageni wameshtuka. Kuna desturi ya kale ya watu kujifunika nyuso kwa foronya au vitambaa, kuvaa nguo za ovyo makusudi, kubadilisha sauti na kubisha hodi kwa majirani. Mwenye nyumba anakisia ni nani. Akimtambua, mgeni anafunua uso, anakaribishwa kinywaji, mchezo unaisha kwa muziki. Siku hizi inaonekana zaidi kwenye maandamano ya Desemba mjini St. John's, lakini vijijini bado mtu anaweza kugonga mlango. Ni ukarimu, si uvamizi. Waambie watoto kabla, hasa waliowahi kuona watu wenye nyuso zilizofunikwa wakija kwa nia nyingine. Na huna wajibu wa kufungua mlango kwa mtu usiyemjua.

*Tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, Kwanzaa.* Ilianzishwa Marekani mwaka 1966 na Maulana Karenga, na baadhi ya jamii za Weusi Kanada huiadhimisha. Salamu yake ni "Habari gani?" na jibu ni nguzo ya siku hiyo: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Ukialikwa, nenda. Lugha yako itapokewa kwa heshima kubwa chumbani humo.

*Tarehe 1 Januari, baraza la Mwaka Mpya.* Hii wageni wengi hawaijui kabisa. Mwakilishi wa mfalme katika jimbo, na mameya wengi, hufungua milango siku hiyo au siku za karibu ili raia na wakazi waje kuwasalimu. Wenyeji huliita "levee". Charlottetown, Prince Edward Island, kuna mabaraza kadhaa tangu asubuhi na watu huzunguka kutoka moja hadi jingine. Unapanga foleni, unapeana mkono, unapata kikombe cha kitu cha moto. Kwa mtu aliyetoka mahali ambapo mkubwa wa serikali alionekana kwenye msafara wa magari tu, mkono huo una uzito wake. Angalia tangazo la jimbo au la manispaa kujua saa na kama unahitaji kujiandikisha.

Hatua ya 5: Chagua sherehe moja kubwa ya Februari

Moja inatosha kwa mwaka wa kwanza. Panga tarehe sasa, kisha tazama hali ya hewa siku tatu kabla.

*Ottawa na Gatineau: Winterlude.* Ilianza 1979. Kuna wachongaji wa barafu, na upande wa Gatineau, kwenye bustani ya Jacques-Cartier, hujengwa viteleza vikubwa vya theluji kwa watoto. Mfereji wa Rideau unaopita katikati ya mji huganda na kuwa njia ya kuteleza ya kilomita 7.8, bure, usiku na mchana, barafu ikiwa imara. Msimu wa 2022–23 haukufunguliwa hata siku moja kwa sababu joto lilizidi, ikiwa ni mara ya kwanza tangu njia hiyo ianzishwe mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo usinunue tiketi ya basi kutoka mbali kwa ajili ya mfereji peke yake. Bendera ya kijani maana yake mfereji umefunguliwa, nyekundu, umefungwa. Kando ya barafu wanauza BeaverTails, ambayo ni kama andazi lililokandamizwa likawa bapa na kupakwa sukari na mdalasini. Watoto wa Kiswahili huielewa mara moja.

*Jiji la Quebec: Carnaval.* Lilifanyika mara ya kwanza 1894, na limekuwa likifanyika kwa mtindo wa sasa tangu 1955. Mwenyeji wake ni Bonhomme, sanamu hai ya theluji mwenye kofia nyekundu na mshipi wa kufuma. Usikose mashindano ya mitumbwi kwenye mto St. Lawrence: wapiga makasia wanaruka juu ya mapande ya barafu, wanausukuma mtumbwi, wanarudi majini. Ndivyo watu walivyovuka kati ya Lévis na Quebec wakati wa baridi kabla ya madaraja. Viwanja vikuu vinahitaji kununua pasi yenye umbo la Bonhomme. Maandamano ya usiku unayatazama ukiwa barabarani. Onyo kwa wasiotumia kileo: kinywaji cha moto kiitwacho caribou kina mvinyo na pombe kali, na hakionekani hivyo kwa macho. Uliza kabla ya kunywa.

*Winnipeg: Festival du Voyageur.* Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa Wakongo na Warundi, na sioni haya kupendelea. Iko Saint-Boniface, mtaa wa Wafaransa wa Winnipeg, tangu 1970, na ndani ya uwanja wake kuna Fort Gibraltar, ngome ya mbao iliyojengwa upya kuonyesha maisha ya wafanyabiashara wa ngozi. Kifaransa ulichokisoma Bukavu au Bujumbura kitakufungulia milango. Kuna fidla, ngoma ya miguu ya Wametis (watu wenye asili ya wenyeji wa kwanza wa nchi na ya Wazungu), supu ya njegere na sanamu kubwa za theluji. Siku ya Louis Riel huwa inaangukia humohumo. Riel, aliyezaliwa 1844, aliongoza watu wa Metis kudai ardhi na haki zao, akanyongwa Regina tarehe 16 Novemba 1885. Kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa kuu la Saint-Boniface, mwendo mfupi kutoka hapo. Nenda na watoto. Jina la sikukuu hiyo lilitokana na mapendekezo ya wanafunzi wa shule za Manitoba.

Walio kaskazini wana zao: Inuvik husherehekea jua linaporudi mapema Januari baada ya takriban mwezi mzima bila kuchomoza, Yellowknife hujenga kasri la theluji juu ya ziwa mwezi Machi, na Iqaluit hushindana kujenga nyumba za theluji mwezi Aprili.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza kwenye barafu

1. Anza kwenye uwanja wa manispaa. Mito na maziwa subiri. Viwanja vingi vya mtaani ni bure.

2. Kodi au azima viatu vya kuteleza kabla ya kununua. Vikaze kifundoni mpaka visitikisike, lakini vidole vipumue.

3. Kofia ngumu kwa watoto wote, na kwako pia.

4. Chukua begi la mgongoni la kuwekea viatu vyako vya kawaida.

5. Kunja magoti kidogo, inama mbele kidogo, tembea hatua fupi kwanza. Anayesimama wima huanguka chali. Ukihisi unaanguka, angukia ubavu, kunja ngumi ili mtu asikukanyage vidole, kisha inuka kupitia goti moja.

6. Dakika 20 zinatosha kwa mara ya kwanza. Ingieni ndani, kunyweni chai, rudini kama bado mnataka.

Onyo ambalo silegezi: usiingie juu ya ziwa, mto au bwawa la mtaani ambalo halijakaguliwa na manispaa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kanada linataka unene wa sentimita 15 kwa mtu mmoja kutembea au kuteleza, na 20 kwa kundi. Huwezi kuujua unene huo kwa kutazama, na barafu ya kijivu ni dalili ya maji ndani yake. Kuona nyayo za wengine si ushahidi wa usalama.

Hatua ya 7: Siku za Februari zisizo na mapumziko

Tarehe 2 Februari watoto watakuambia habari za mnyama mdogo wa kuchimba mashimo (groundhog) anayetabiri hali ya hewa. Wa Wiarton, Ontario, amekuwa akifanya hivyo tangu 1956. Akiona kivuli chake, wanasema baridi imebaki wiki sita. Tarehe 15 ni Siku ya Bendera: jani jekundu la mti wa mwengele (maple) lilipandishwa mara ya kwanza mwaka 1965 na siku ikatangazwa 1996. Kazi zinaendelea.

Kubwa zaidi ni Mwezi wa Historia ya Watu Weusi. Bunge liliutambua Desemba 1995 kwa hoja ya Jean Augustine, mzaliwa wa Grenada na mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia bungeni Kanada. Anzeni hata kabla, tarehe 21 Januari, siku ya kumkumbuka Lincoln Alexander, mbunge Mweusi wa kwanza wa nchi, aliyechaguliwa 1968 kutoka Hamilton. Kisha toa noti ya dola 10 yenye picha ya Viola Desmond, umwonyeshe mwanao. Mwaka 1946 mama huyu alikataa kuondoka kwenye kiti cha Weupe katika sinema ya New Glasgow, Nova Scotia, akakamatwa. Siku ya Urithi ya Nova Scotia ilipoadhimishwa mara ya kwanza, 2015, ilikuwa kwa heshima yake.

Nenda maktaba mwezi Desemba ujitolee kusimulia hadithi kwa Kiswahili Februari. Wakutubi hupanga ratiba mapema, kwa hiyo ukingoja Februari umechelewa. Mtoto anayemwona mama yake mbele ya wenzake akisimulia habari za Sungura na Fisi hasahau.

Hatua ya 8: Funga msimu kwenye kambi ya sukari

Machi na Aprili, usiku ukiwa wa kuganda na mchana joto likipanda juu ya sifuri, utomvu wa mwengele huanza kutiririka. Huchukua takriban lita 40 za utomvu kupata lita 1 ya sharubati. Kule Quebec na Ontario mashariki, familia huenda msituni, hula mlo mzito, na mwisho sharubati ya moto humwagwa juu ya theluji safi ikaganda, ukaizungusha kwenye kijiti. Waislamu wapige simu kabla: maharage, supu na hata mayai mara nyingi huwa na nyama au mafuta ya nguruwe. Baadhi ya kambi huandaa mlo bila nguruwe ukiomba mapema.

Mambo yakienda kombo

*Sikulipwa malipo ya sikukuu.* Angalia kwanza kama ulifanya shifti ya kabla na ya baada. Kisha rudia hesabu ya hatua ya 2 na umpelekee msimamizi kwa maandishi, kwa upole. Asipojibu, wizara ya kazi ya jimbo hupokea malalamiko bila malipo, na mwajiri haruhusiwi kukuadhibu kwa kuuliza haki yako.

*Tumefika dukani, kumefungwa.* Siku ya Familia na nyinginezo za kisheria maduka mengi makubwa hufungwa, na mabasi mara nyingi hufuata ratiba ya Jumapili. Nunua unga, maziwa na dawa Jumamosi.

*Idi imeangukia siku ya kazi.* Idi si sikukuu ya kisheria, na kwa miaka hii Ramadhani iko ndani ya baridi: mwaka 2027 inatarajiwa kuanza kama tarehe 8 Februari. Omba ruhusa kwa maandishi wiki kadhaa kabla. Sheria za haki za binadamu zinamtaka mwajiri akidhi mahitaji ya dini yako, isipokuwa kama kufanya hivyo kunampa mzigo uliopitiliza. Shule pia humsamehe mtoto ukituma taarifa.

*Mzee wetu hataki kutoka.* Usimlazimishe kuteleza. Mpeleke saa sita mchana, jua likiwa juu, dakika kumi za kutazama sanamu za barafu, halafu chai. Mtafutie mkongojo wenye ncha ya chuma ya kushika barafu, na viatu vyenye meno. Akizoea dakika kumi, wiki ijayo ataomba ishirini.

*Siku tuliyopanga imefika −35.* Ahirisheni. Sherehe kubwa hudumu zaidi ya siku moja, na siku ya kwanza ikishindikana, ya nane inaweza kuwa −9 na jua. Siku hiyo ya −35 nendeni makumbusho kwa ile tiketi ya maktaba, na mpigie simu jirani aliyefika mwezi uliopita umuulize kama ana koti.